Mbayuwayu mwenye mapengo kwenye mabawa: ameumia?

Wadau, habari za asubuhi. Leo alfajiri nimehesabu mbayuwayu 31 kwenye waya, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya. Nimewasubiri kwa hamu! Mmoja alitua karibu kabisa: koo jekundu kama udongo wa kichuguu, mgongo mweusi unaometa buluu. Ila mabawa yake yana mapengo, kushoto na kulia. Ameumia?

Jibu 1: Hapana ndugu yangu, anabadilisha manyoya. Hawa huja na manyoya yaliyochakaa, wakayabadilisha hukuhuku Afrika, machache machache, pande zote mbili kwa pamoja ili waendelee kuruka na kukamata wadudu. Angeumia, mara nyingi pengo lingekuwa upande mmoja.

Jibu 2: Mikia uliitazama? Mkia mfupi na koo lililopauka, huyo kazaliwa mwaka huu. Gramu 20 hivi tu, na kashavuka Sahara!

Muulizaji: Asanteni sana. Wanne walikuwa na mikia mifupi, nami nikadhani imekatika. Kesho narudi na darubini, nikae chini ya waya uleule mpaka jua lipande.