Tupeane uzoefu: paka wa nyumbani akizeeka, mliagana naye vipi?

Mwana_Pasua:
Wakuu habari za jioni. Nyumbani kwetu Pasua, Moshi, tuna paka anaitwa Mangi. Mama alimtoa Kibosho kwenye kikapu cha ndizi nikiwa kidato cha pili; leo nina mke na watoto wawili na Mangi bado yupo. Ila hapandi tena juu ya friji, macho yameingia ukungu, na panya wa stoo wanampita kama mwenyekiti mstaafu. Jana mama kanipigia: "Njoo umwone Mangi." Mama huyu hata akiugua yeye hasemi. Waliofikia hatua hii mlifanyaje? Wa "si paka tu" wapite kimya.

Kihamba_Damu:
Tuanze na jina. Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa na Wajerumani pale Old Moshi mwaka 1900, wewe cheo chake unampa mla panya. Heshimuni basi.

Mwana_Pasua:
Mwenye duka hapo mtaani kwako si unamwita Mangi?

Kihamba_Damu:
Huyo ni Mchaga.

Mama_Wawili_Sakina:
Nimesoma hii kwenye daladala nikapitiliza kituo. Wetu alikuwa jike, mweusi tii, Chausiku. Majirani walisema tumtoe, paka mweusi ana mambo yake, mama akawajibu, "Leteni mweupe anayekamata panya." Na mama hakuwa mtu wa paka kabisa. Kutwa "shii, toka jikoni!" mwiko mkononi.

Uzee ulianzia kwenye maji. Akawa anakunywa balaa, kwenye ndoo, kwenye karai la kufulia, kwenye kisahani cha maua. Anakojoa kila saa na anakonda mpaka pingili za mgongo unazihesabu kwa kidole. Daktari wa mifugo akasema figo zimechoka, kwa umri ule hazirudi, tutamsaidia tu. Akamwekea dripu chini ya ngozi, akapata nafuu, akarudi kulala juu ya king'amuzi apate joto.

Halafu ikaingia Julai, na Arusha ya Julai mnaijua. Akaacha kula, akajichimbia chini ya kabati la vyombo. Usiku ule sitausahau. Kaka anasema kukicha aje daktari amchome sindano, asiteseke. Dada anasema kuua ni dhambi, Mungu atamchukua mwenyewe. Wakatukanana mpaka baba akatoka chumbani na shuka begani. Na Chausiku huko chini analia, wala si nyau ile ya kuomba chakula, ni sauti ya kuita mtu. Mama akapiga magoti, akaingiza mkono, akamtoa, akamfunga kwenye kanga mpya ambayo sisi hata kuazima haturuhusiwi. Akasema, "Mpigieni daktari. Dhambi nitaibeba mimi."

Daktari alifika na bodaboda kabla jua halijatoka. Sindano ya kwanza ya usingizi, ya pili ndiyo yenyewe. Mama hakumtoa mapajani. Baadaye dada wa kazi ndiye aliyetutobolea siri: miaka yote tukienda shule, mama alikuwa anamchambulia Chausiku sato, miba pembeni.

Ngaramtoni_Juu:
Kumbe mama zetu ni hao hao.

Chalii_wa_Kijenge:
Samahani wakuu, watu tunakimbizana na ada, nyie daktari anapanda bodaboda kwa ajili ya paka?

Mama_Wawili_Sakina:
Nauli nililipa mimi. Wewe unadaiwa?

Fundi_Mbuyuni:
Mwenye mada, kama anaumwa viungo mpe nusu panadol kwenye maziwa ya moto. Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo kwa mbuzi.

Daktari_wa_Ng'ombe:
USIMPE! Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuichakata, damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka rangi, anakufa. Kidonge kimoja kinatosha kuua. Na maziwa wengi wakishakuwa wakubwa yanawaharisha. Mpe maji safi, chakula laini, box lenye blanketi mahali pasipo na upepo, na mchanga wake usogezwe karibu. Paka wa miaka 15 ni mzee wa 70 na kitu, msimwambie aruke dirisha. Na apimwe, si kila kukonda ni uzee.

Fundi_Mbuyuni:
Wetu kanywa maziwa ya ng'ombe maisha yake yote.

Daktari_wa_Ng'ombe:
Na alikuwa anaharishia wapi, ulimfuata?

Mjukuu_wa_Machame:
Hamjaona kitu. Sisi tulizika paka tukaletewa mgambo.

Babu yangu alikuwa na dume la rangi ya chungwa, Simba. Kafa usiku, Krismasi ndiyo imepita jana, ukoo mzima uko nyumbani. Babu akasema hasubiri asubuhi, mbwa watamfukua. Tukatoka wanaume wanne, jembe, tochi za simu, Simba kafungwa kwenye shuka jeupe, tukaingia katikati ya migomba. Babu akaomba sala fupi kwa Kichaga. Jirani katoka kwenda chooni, akaona yote.

Alfajiri hodi. Balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa kitongoji, mgambo wawili na nusu ya kijiji. "Mzee, mmezika nini usiku?" Babu na hasira zake: "Nimemzika Simba!" Sasa wakuu, Simba pale kijijini ni jina la utani la baba mdogo, na baba mdogo tangu jana mchana hakuna aliyemwona.

Ngaramtoni_Juu:
Mkuu usithubutu kuishia hapo.

Chalii_wa_Kijenge:
Endelea mzee, ada baadaye.

Mjukuu_wa_Machame:
Wakafukua. Mgambo akafungua shuka, ukatoka mkia. Watu kimya. Mama mmoja huko nyuma akauliza, "Mbona kavaa soksi?" Bibi ndiye alimvisha soksi za mtoto, eti udongo wa Machame una baridi. Babu akagoma mtu kuondoka mpaka Simba arudishwe kwa heshima, na mwenyekiti ndiye aliyefukia. Saa nne baba mdogo kaingia ananuka mbege, kaona umati, akauliza nani kafariki.

Fundi_Mbuyuni:
Nimecheka mteja kaondoka.

Mlokole_Kiboriloni:
Kumwombea mnyama na kumfunga sanda si mzaha. Hiyo ni kufuru.

Binti_Majengo:
Sanda nawaachia wenyewe, ila paka msimdharau. Sahaba Abu Huraira jina hilo kalipata kwa kupenda paka, na hadithi ipo kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Wa kwetu tulimzika chini ya mwembe, kaka yangu mkubwa akaswaga mbuzi kwa wiki nzima wasipite pale.

Mwana_Pasua:
Asanteni. Jumamosi nashuka Moshi na daktari atakuja kumpima figo. Sindano mama hataki kuisikia, nami sitamlazimisha. Panadol nimeshapiga simu ifichwe.

Mama_Wawili_Sakina:
Kaa na mama jikoni, usiulize maswali mengi.

Kihamba_Damu:
Mkuu wa Machame, baba mdogo bado yupo?

Mjukuu_wa_Machame:
Yupo. Ukimwita Simba haitiki.