Mjadala: Je, Kombe la Dunia la kriketi la 2027 litabaki Afrika?

Kwa kuwa Kombe la Dunia la kriketi la 2027 litaandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, sisi mashabiki wa Nairobi tunaokutana kandokando ya uwanja wa Gymkhana tumegawanyika: je, Afrika Kusini ndiyo timu ya kutwaa kombe hilo, au tunapofushwa na ujirani? Naweka msimamo wangu wazi mapema. Naiweka Afrika Kusini mbele ya timu zote, India ikiwemo, na sababu zangu hazihusiani na undugu wa bara moja.

Wanaonipinga hukimbilia historia, nayo kweli inauma. Mwaka 1992 mvua iliwaacha Afrika Kusini wakihitaji mikimbio 21 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi) kwa mpira mmoja katika nusu fainali dhidi ya Uingereza. Mwaka 1999 walitoka sare na Australia pale Edgbaston na bado wakaaga mashindano. Mwaka 2015 New Zealand ikawatoa Auckland, na mwaka 2023 Australia ikawatoa Kolkata. Mwaka 2003, wakiwa wenyeji, hawakuvuka hata hatua ya makundi, kwa sababu usiku wa mvua kule Durban walikosea hesabu ya mikimbio waliyohitaji dhidi ya Sri Lanka, Mark Boucher akauzuia tu mpira wa mwisho akidhani kazi imekwisha, kumbe timu zilikuwa zimetoshana.

Wakenya tunaikumbuka aibu ile kwa namna yetu, maana tulikuwa kundi hilohilo. Sri Lanka hiyohiyo tulikuwa tumeilaza kwa mikimbio 53 hapahapa Gymkhana, siku ambayo mrushaji wetu Collins Obuya aliangusha wiketi 5 (yaani aliwatoa wapigaji watano) kwa mikimbio 24, na tukaendelea hadi nusu fainali. (Ndiyo, New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, nasi tukapewa pointi za bure, anayetaka kutupunguzia sifa kwa hilo, ruhusa anayo.)

Hata hivyo, dai kwamba Afrika Kusini huishiwa na roho mechi inapokuwa kubwa halikusalimika kwenye uwanja wa Lord's, London, mwezi Juni 2025. Katika fainali ya ubingwa wa dunia wa mechi za Test, zile za siku 5, waliangushwa wote kwa mikimbio 138 katika zamu yao ya kwanza, kisha wakatakiwa kufukuza mikimbio 282 dhidi ya Australia, na wakafika wakiwa na wiketi 5 mkononi: Aiden Markram alipata 136, huku nahodha Temba Bavuma akichechemea kwa maumivu ya msuli wa paja na kukataa kutoka uwanjani. Timu yenye woga haishindi mechi ya namna hiyo.

Nitaambiwa kwamba mchezo wa siku 5 si mchezo wa ova 50 (ova moja ni mipira 6) unaochezwa Kombe la Dunia, nami nakubali. Ndiyo maana nategemea zaidi uwanja wa nyumbani. India ilishinda kwao mwaka 2011, Australia ikashinda 2015 ikiandaa pamoja na New Zealand, na Uingereza ikafuata 2019. Mwaka 2023 India ilishinda mechi 10 mfululizo kwao, kisha Travis Head wa Australia akaizima katika fainali pale Ahmedabad kwa mikimbio 137. Hiyo nayo ni historia, ingawa wapenzi wa India huisahau haraka wanapohesabu makosa ya wengine. Johannesburg na Centurion ziko juu sana kutoka usawa wa bahari, mpira huruka mbali na kudunda kwa nguvu, na mrushaji wao wa kasi kama Kagiso Rabada amekulia katika mazingira hayo.

Linaloninyima usingizi ni mpira wa kuzungushwa, ule unaorushwa polepole ukapinda baada ya kudunda. Mwaka 2018 India iliwapiga Afrika Kusini 5–1 katika mfululizo wa mechi za ova 50 kwenye viwanja vyao wenyewe, na walioivunja ngome hiyo walikuwa Kuldeep Yadav na Yuzvendra Chahal, wazungushaji wote wawili. Kwa hiyo uwanja unaodunda haumlindi mpigaji asiyeweza kuusoma mkono wa mrushaji. Udhaifu huo usiporekebishwa, hoja yangu yote inachechemea kama Bavuma, ila sina hakika itafika.

Zimbabwe siipi nafasi ya kufika mbali, na Namibia, ingawa ni mwenyeji, italazimika kwanza kufuzu. Sisi wenyewe mara ya mwisho tulicheza kombe hili mwaka 2011.

Basi wanaosimama na India wanijibu hili: nani, mbali na mrushaji wao Jasprit Bumrah, atawatisha wapigaji wa Afrika Kusini asubuhi ya baridi kwenye uwanja wa Wanderers, Johannesburg?