"Umefunga mwenyewe, kaka, hatubadilishi": nimeuziwa pampu ya mafuta feki, kosa limekuwa langu

Wakuu, nimeandika huku nimenuna, mnivumilie.

Nina Corolla 110 ya mwaka 1999, injini 5A, petroli. Miezi miwili iliyopita ilianza vituko. Asubuhi napiga selfu mpaka betri inataka kulia ndiyo iwake, na nikipanda kilima Goba gari linakohoa kama lina pumu. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha chujio, wapi. Fundi wa mtaani akaingia uvunguni, akagonga tanki na mpini wa nyundo mara tatu, gari likawaka papo hapo. Akasema pampu imechoka. Sikubishana naye. Hiyo pampu nimeiua mwenyewe kwa kutembea wiki nzima na taa ya mafuta ikiwaka. Kwenye gari hizi pampu inakaa ndani ya tanki, na petroli ndiyo inayoipooza. Kosa hilo nalikubali. Hilo tu.

Nikaenda Kariakoo, duka silitaji. Muuzaji akanitolea mbili. Moja elfu 40, "hii ya Kichina, kaka, sikushauri." Ya pili laki na ishirini, boksi zuri, stika inang'aa, maandishi ya Kijapani. "Hii orijino, ukishafunga unaisahau." Nikalipa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA? "Mtandao unasumbua leo." Akaniandikia kwenye karatasi, nami nikaipokea kama zuzu.

Jumamosi nikaifunga nyumbani. Najua wapo watakaokuja na "ungepeleka gereji", kwa hiyo someni nilichofanya kwanza. Nilinyanyua kiti cha nyuma, nikafungua kile kifuniko cha bati, nikachomoa soketi ya pampu gari likiwa linanguruma mpaka likazimika lenyewe, presha ikaisha kwenye paipu. Nikatoa waya hasi wa betri. Milango yote wazi. Jiko la mkaa la mama watoto nikalihamishia upande wa pili wa nyumba, akasonya, nikamwambia heri msonyo kuliko moto. Nikapuliza mchanga wote kabla ya kugusa boliti ili usidondokee ndani ya tanki. Gasketi mpya. Kazi ya masaa mawili na nusu, gari likawaka selfu ya kwanza. Nikajiona injinia.

Siku 19, wakuu. Siku ya 20 likanizimikia katikati ya kilima kilekile, wanangu wawili nyuma na sare zao za shule, daladala wananipigia honi, konda mmoja ananiuliza kama barabara nimeinunua.

Likavutwa hadi nyumbani. Nikafungua kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, nikaunganisha tundu za Fp na +B kwa kipande cha waya ili pampu ipate umeme moja kwa moja, nikawasha swichi. Pampu ikiwa nzima, utaisikia inalia huko nyuma. Kimya. Nikapima kwenye soketi ya pampu yenyewe: volti 12 zipo, ethi (waya wa bodi) ipo. Kwa hiyo waya hazina kosa. Nikaitoa.

Kile kipande cha mpira kinachounganisha pampu na bomba, kilichokuja ndani ya boksi lao, kimevimba na kulegea, ukikibinya kinabaki na alama za vidole. Ni mpira wa kawaida tu, si ule wa kuzama kwenye petroli. Chujio la chini limeanza kuachia kwenye kingo. Halafu nikapitisha kidole gumba juu ya jina la kampuni pale ubavuni mwa pampu. Likafutika. Jina lote la Kijapani likahamia kwenye kidole changu!

Nikarudi dukani na pampu. Muuzaji ni yuleyule. Hakuitazama hata kidogo. Akauliza, "Nani alifunga?" Nikasema mimi. Akacheka, akamwita mwenye duka. Huyo naye: "Vitu vya umeme havirudishwi, na wewe sio fundi, umeiunguza mwenyewe. Ungefungiwa na fundi wetu, elfu 30 tu, leo tungekusikiliza."

Kwa hiyo angefunga fundi wao, maandishi yasingefutika? Mpira usingevimba? Fundi wao anaisomea dua?

Nilipomwonyesha kidole akageuza, eti nimeendesha tanki likiwa tupu. Nilikuwa na zaidi ya nusu tanki, na pampu nimeitoa imelowa mbele ya jirani yangu. Akaniambia nina maneno mengi, nawazuia wateja. Wateja wenyewe walikuwa wawili, mmoja ameshika boksi kama langu. Nikamwambia, "Braza, hilo jina kwenye pampu likwaruze kwanza." Wakanitoa nje.

Sasa hivi natembelea pampu ya mtumba niliyoinunua Ilala kwa elfu 60. Kabla ya kurudisha kiti niliazima geji ya presha ya mafuta, ikasoma 40 psi, na injini hii inatakiwa iwe kati ya 38 na 44. Kitu kilichotolewa kwenye gari lililokatwa kimeishinda "orijino" ya laki na ishirini. Na nimeifunga mimi huyuhuyu ambaye sio fundi.

Najua FCC, Tume ya Ushindani, ndio wenye kazi ya bidhaa bandia. Ninachotaka kujua kwa aliyewahi kupeleka kesi ya spea: ukiwa na karatasi ya mkono yenye muhuri uliofifia, wanakusikiliza au wanakurudisha ukatafute EFD? Pampu, boksi na ule mpira vyote nimevihifadhi kwenye ndoo ya rangi. Kidole nimeshanawa, ila nilikipiga picha.