West End, Brisbane: nyumba nzuri karibu kabisa na mto, tuichukue?

MamaPacha
Habari zenu ndugu zangu. Mimi na baba watoto tuko Brisbane mwaka wa saba huu, tumepanga Moorooka muda wote, sasa benki imetukubalia mkopo na tumeona nyumba West End, ghorofa moja juu, imeshikana ukuta na za majirani, ziko nane kwenye kiwanja kimoja. Jamani nimeipenda mpaka usingizi sipati. Ukitoka dakika mbili tatu uko Orleigh Park mtoni, boti ipo, soko la Davies Park la Jumamosi unaenda kwa miguu, Boundary Street watu na misosi mpaka usiku, halafu watoto wataingia eneo la Brisbane State High, shule inayogombaniwa na wazazi wote. Ndani rangi mpya, chini gereji na kichumba, hata soketi za gereji wamezipandisha usawa wa kifua, huinami kuchomeka kitu. Dalali anasema tuwahi kabla haijaenda mnadani. Mnaokujua huko mnasemaje?

BinKigoma
Dada hongera kwa mkopo kwanza, ila hizo soketi zimenishtua. Mtu hapandishi umeme kifuani ili asiiname, anapandisha kwa kuwa maji yalishawahi kuingia au anajua yatakuja. Mto ule kipimo cha mjini ulifika mita 5.45 mwaka 1974, mita 4.46 Januari 2011, mita 3.85 Februari 2022. Hiyo ya 2022 nilikuwa nimepanga mtaa wa bondeni hukohuko, mvua imeshapungua tukajua tumepona, kumbe maji yanapanda kupitia mitaro ya chini ya barabara, yanabubujika kwenye vile vyuma vya mtaro, meusi, yananuka, ndani ya saa moja godoro la mwanangu linaelea. Vali za kuzuia maji yasirudi kwenye mitaro zimewekwa sehemu kadhaa baada ya 2011 lakini mto ukishavuka kingo vali haikusaidii kitu. Gereji ikizama si neno, hicho kichumba je, nani atalala humo?

Jirani wa Mlimani
Nakubaliana na kaka lakini tusimtishe mwenzetu kwa West End nzima. Huku si tambarare, upande wa Dornoch Terrace ni mgongo wa kilima, mtaa mmoja unazama na wa pili hata kandambili hailoi. Mimi sihami, basi la CityGlider Ijumaa na Jumamosi linatembea usiku kucha, nauli senti 50, gari naliwasha mara moja kwa wiki.
Fanya hivi mdogo wangu, ingia tovuti ya halmashauri ya jiji utoe ripoti ya FloodWise, ile ya mafuriko ya kila nyumba, bure, unaandika anwani tu, kisha linganisha kimo cha sakafu ya chini na kimo cha maji. Usitegemee fomu ya muuzaji, ile ambayo jimbo letu la Queensland wameilazimisha tangu 1 Agosti 2025, historia ya mafuriko haimo humo. Na kwa kuwa ziko nane pamoja, omba kumbukumbu za umoja wa wenye nyumba, uone bima ya jengo kama inagusa mafuriko, na akiba ya matengenezo ina hela au ni sifuri maana ikiwa sifuri mtachangishwa nyie wapya. Mkaguzi wa jengo na mchwa usimruke. Halafu mnadani hakuna zile siku 5 za kazi za kubadili mawazo, nyundo ikigonga ni yako.

BinKigoma
Na piga simu ya bima ya vyombo vyako KABLA hujasaini, ukitajiwa bei ya mwaka ndipo utajua hiyo nyumba ni ya shilingi ngapi kweli.

MamaPacha
Nimetoa ripoti usiku huu. Gereji na kichumba viko chini ya maji ya 2011, ghorofani kukavu. Nimemuuliza dalali kwa meseji kuhusu soketi, hajajibu, na siku zote anajibu ndani ya dakika tano. Jumamosi narudi kuongea na bibi wa nyumba ya pili, nilimwona anamwagilia mboga, naye lazima alikuwepo 2022. Nikipata kilimani hata kadogo nitashukuru, ila mtoni pale moyo umebaki jamani.