Ovaroli ya theluji kwa mtoto wa miaka miwili: niangalie nini?

MamaNeema:
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri wa ovaroli ya theluji kwa binti wa miaka miwili. Bado anavaa nepi, urefu sentimita 87, na atacheza nje kila siku kwenye baridi ya kuanzia nyuzi 0 hadi -15. Naona kuna za kipande kimoja na kuna za suruali na koti. Lebo zimejaa namba: 5,000, 10,000, gramu 100, gramu 180. Zipi zina maana? Na saizi nichukue ipi?

FundiMishono:
Dada, anza na maji, unene baadaye. Mtoto wa umri huo theluji anaikalia, anaipigia magoti na kuilalia. Uzito wake ukikandamiza kitambaa kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, maji yanasukumwa ndani. Hiyo 5,000 au 10,000 ni milimita za kimo cha maji ambacho kitambaa kinastahimili kabla ya kuvuja. Kwenye baridi kali na kavu 5,000 inatosha. Theluji inayolowesha hasa ni ile ya karibu na nyuzi 0, na kwa kuwa nyinyi mtaipata, chukua 10,000.

Ila namba hiyo inapima kitambaa tu. Kila sindano ilipopita imeacha tundu, hivyo angalia kama mishono imezibwa kwa utepe kwa ndani. Bitana ikiificha, soma lebo. Ikiandikwa kwamba ni baadhi tu ya mishono iliyozibwa, hakikisha ya makalioni imo, maana hapo ndipo nguo nyingi huvuja kwanza. Kitambaa cha makalio na magoti kiwe kimeongezwa uzito.

Gramu ni uzito wa ujazo wa joto, yaani nyuzi laini zilizojazwa kati ya kitambaa na bitana, kwa mita ya mraba. Kwa mtoto anayekimbia, 100 hadi 150 juu ya nguo nzuri za ndani zinatosha. 180 na kuendelea ni za mtoto anayekaa tu kwenye kigari. Akivaa nene kupita kiasi anatoka jasho, na akisimama kucheza jasho hilo ndilo linalomtia baridi. Ujazo uwe wa polista. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto sana, lakini yakilowa yanashikamana, hewa inatoka na joto linakwenda nayo.

BabaWaPacha:
Naongeza. Kwa wa nepi, kipande kimoja bila kusita: hakuna kiuno cha kupitishia theluji akijiviringisha. Zipu ishuke hadi chini ya goti, au ziwe mbili, moja kila mguu. Zipu ikiishia kiunoni, kumwingiza mtoto anayejinyoosha ni mapambano ya kila asubuhi. Iwe na kikinga kidevu juu ili isimbane ngozi. Akianza kwenda chooni mwenyewe ndipo uhamie vipande viwili, na suruali ifike kifuani.

Saizi za Ulaya nyingi ni urefu wa mtoto kwa sentimita: 86, 92, 98. Kwa 87 chukua 92. Usirukie 98 ili idumu misimu miwili. Katikati ya miguu patashuka, hatua zitakuwa fupi na ataanguka ovyo. Mjaribishe akiwa na nguo zake za ndani: achuchumae, kisha anyanyue mikono. Mguu wa nguo ukipanda juu ya kifundo au mabega yakivutwa, ni ndogo.

Mikanda ya kupita chini ya buti ndiyo hukatika mapema kuliko kitu kingine chochote. Tafuta ya silikoni inayofunguka na kubadilishwa. Kofia iwe ya kubanduka kwa vishikizo vya kubana, ili ikinaswa kwenye tawi au bembea iachie. Kamba za kofiani na shingoni usikubali kabisa. Kiwango cha Ulaya EN 14682 kinazikataza kwa watoto wadogo.

Zuhura_K:
Jamani, mmesahau gari, na hili ni la hatari. Ovaroli nene haivaliwi chini ya mikanda ya kiti cha mtoto. Gari likigonga, ujazo unabonyea na mikanda inabaki imelegea. Kupima: mfunge akiwa nayo, kaza, kisha mtoe bila kugusa urefu wa mikanda. Mvue, mfunge tena. Ukiweza kufinya mkanda begani ukakunja, ulikuwa umelegea mno. Afungwe akiwa amevaa flisi nyembamba (sweta ya kitambaa laini cha polista), halafu blanketi juu ya mikanda.

Ndani mvalishe sufu nyembamba inayogusa ngozi, kisha flisi baridi ikizidi. Pamba hapana, inashika jasho. Kujua kama ana joto, gusa shingo kwa nyuma. Viganja vya watoto huwa baridi hata wakiwa sawa.

MamaNeema:
Asanteni sana, nimeelewa. Swali la mwisho: ya mtumba inafaa?

FundiMishono:
Inafaa ukiikagua. Mwagia matone ya maji begani na makalioni. Yakiviringika, dawa ya kufukuza maji bado ipo. Yakinywewa na kitambaa, safu ya ndani inayozuia maji huenda bado haivuji, lakini nguo inakuwa nzito, inaacha kupumua (haitoi tena mvuke wa jasho) na mtoto anahisi baridi. Hiyo inatibika: ifue, kisha paka dawa mpya, ukichagua isiyo na PFAS (kemikali zisizooza kirahisi kwenye mazingira). Isiyotibika ni utepe wa mishono unaobanduka, au safu ya ndani inayomenyeka kama ngozi iliyoungua, hizo ziache. Jaribu zipu mara kadhaa, na ubonyeze ujazo magotini uone kama umekuwa mwembamba.

Ukiifua, funga zipu zote, fuata nyuzi joto zilizoandikwa kwenye lebo, na usitie kabisa kilainisha nguo, kwa sababu kinaharibu uwezo wa kitambaa kufukuza maji. Lebo ikiruhusu mashine ya kukaushia, joto la chini linaamsha dawa iliyobaki.