Kasa anaelea, hazami: tufanyeje?

Wadau wa Malindi, kuna kasa Mayungu anaelea kiubavu, akijaribu kuzama anashindwa. Uzi wa nailoni watokeza nyuma. Tuuvute, kisha tumrudishe majini?

— Msiuvute kabisa! Huenda umenasa ndani. Ukivutwa, utumbo hujikunja na kukatika. Kateni sehemu inayoburuzika, mkiacha kipande ambacho daktari atakiona.

— Wala msimrudishe, maskini. Plastiki ikiziba utumbo, chakula huoza, gesi hujaa, naye hawezi kupiga mbizi. Ataunguzwa na jua au agongwe na boti. Mwekeni kivulini, kitambaa chenye maji juu ya gamba, pua wazi. Msimpe chakula.

— Msimbebe kwa mapezi, shikeni gamba. Pigieni Local Ocean Conservation, shirika la kuokoa kasa lililoko Watamu, sasa hivi.