Mjadala: Jengo la mnada wa mifugo likibaki bila mazizi, tumehifadhi nini?

Nauleta mjadala huu nikiwa tayari nina upande. Soko kubwa la mifugo likifungwa, mara nyingi kinachookolewa ni jengo la mbele, lile la matofali lenye ukumbi wa kupendeza, walimokaa madalali na makarani. Mazizi ya nyuma yanang'olewa, ardhi inauzwa, kisha kinabandikwa kibao kwamba urithi umehifadhiwa. Mimi sikubali. Jengo hilo peke yake linatupa nusu ya habari, tena nusu ya wale waliorudi nyumbani na viatu safi.

Tuanze na Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani. Jengo la soko la mifugo la mji huo lilijengwa mwaka 1926, ghorofa 11, kazi ya msanifu George Prinz. Humo mlikuwa na ofisi za madalali, sehemu za kula, na juu kabisa ukumbi wa dansi. Kufikia mwaka 1955 soko la Omaha lilikuwa limelipiku la Chicago na kuwa kubwa kuliko yote Marekani. Halafu malori yakachukua kazi ya reli, viwanda vya nyama vikahamia karibu na wafugaji na kununua moja kwa moja, na mwaka 1999 soko likafungwa. Jengo limesimama hadi leo, limegeuzwa kuwa nyumba za kupanga. Bahari ya mazizi iliyolizunguka haipo.

Najua nitakayojibiwa, maana hoja hizi zimezoeleka. Ya kwanza: watu wanahitaji nyumba, zahanati na shule kuliko wanavyohitaji uzio mkuukuu. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Pale Omaha kituo cha afya kimepata makao katika eneo hilohilo, na mama anayempeleka mtoto kupimwa hana deni lolote kwa ng'ombe wa mwaka 1955. Lakini mimi sidai ekari zote. Soko la Chicago, lililofunguliwa sikukuu ya Krismasi mwaka 1865, lilifikia kiasi cha ekari 475. Katika ukubwa kama huo, kubakiza ekari mbili hakumnyimi mtu nyumba.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: kwamba mazizi si usanifu. Kwamba ni mbao na misumari tu, wala hayana msanifu wa kutajwa jina.

Hebu tuyatazame kwa utulivu. Lango la zizi katika masoko haya halikuwa la kufunga zizi tu. Likifunguliwa lilikata njia ya katikati kuanzia upande huu hadi ule, likawa ukuta. Mtu mmoja akifungua malango mawili aligeuza kundi zima likaingia alikotaka, bila kupiga fimbo. Juu ya mazizi yalipita madaraja membamba ya mbao, ambako mnunuzi alitembea akiwatazama ng'ombe kwa juu, kwa sababu mgongo na mapaja ndiko nyama ilipo. Sakafu zikatandikwa matofali ili kwato zisiteleze, zikainamishwa kidogo ili maji na mkojo vikimbilie mferejini. Na kule kwenye minada ya kunadi kwa sauti, uwanja wa kuonyeshea hujengwa kwa duara. Mnyama akikosa kona ya kujibanza huendelea kuzunguka, na mnunuzi anauona mwendo wake, kama anachechemea au la. Kila kipimo hapo kiliamuliwa na mwili wa mnyama na jicho la mnunuzi. Ikiwa huo si usanifu, basi neno hilo tumelibana mpaka limebaki la nguzo na mapambo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: katika masoko ya aina ya Chicago na Omaha, bei kwa kawaida haikupatikana ndani ya lile jengo zuri. Ilipatikana zizini, dalali wa mfugaji na mnunuzi wakikubaliana kwa mdomo. Jengo lilipokea karatasi baadaye. Kwa hiyo anayehifadhi ofisi na kufukia zizi amehifadhi mahali pa kuandikia, akafukia mahali palipofanyika biashara yenyewe.

Na mizani je? Mnyama akiuzwa kwa uzito, riziki yote ya mfugaji inasimama juu ya ubao ule kwa dakika chache. Malalamiko ya wafugaji dhidi ya kampuni kubwa za nyama yalisaidia kuleta sheria ya mwaka 1921, iliyoyaweka masoko haya na mizani yake chini ya uangalizi wa serikali kuu ya Marekani. Mizani ile ni ushahidi wa ugomvi mzito juu ya haki. Mimi ningeilinda kabla ya ngazi ya marumaru.

Tazameni kilichobaki mahali pengine. Chicago, tangu soko lifungwe mwaka 1971, ni lango la mawe lenye kichwa cha fahali juu ya tao. Zuri, lakini ni lango la kuingilia kusikokuwepo. London, soko la ng'ombe lililofunguliwa mwaka 1855 kuchukua nafasi ya mnada wa Smithfield limeacha mnara wa saa ndani ya bustani. Paris walifanya vizuri zaidi: pale La Villette waliokoa ukumbi mkubwa wa chuma wa mwaka 1867 ambamo ng'ombe wenyewe walisimama, sasa ni mahali pa maonyesho na muziki. Ukiingia unauona upana uliohitajika. Na Oklahoma City ni somo la peke yake, kwani soko lililoanza mwaka 1910 limeendelea kufanya mnada hadi katika karne hii, na wageni wamekuwa wakipita juu ya mazizi kwenye madaraja yaleyale ya wanunuzi.

Wapo wanaosema wakazi wenyewe hawataki kukumbushwa harufu, damu na mishahara duni. Hilo ni lao kuamua, na waulizwe wao kwanza kabla ya mwekezaji. Ila nimeona mara nyingi wanaolisema si waliofanya kazi pale.

Sasa nawauliza mnaonipinga. Fedha ni fungu moja tu: utatengeneza paa la jengo, au utanunua ekari mbili za mazizi pamoja na mizani na njia ya kushushia mifugo kutoka kwenye mabehewa? Mimi nachagua mazizi. Paa linaweza kuzibwa kwa mabati likangoja miaka mitano, lakini zizi likishapitiwa na tingatinga halirudi. Na kama kuna aliyewahi kuswaga ng'ombe katika soko la namna hii, aje atueleze lile lango lilifungwaje.